Picha zinazojigeuza kwenye tovuti za umma: zibaki au zing'olewe?

Mleta mada:
Wakuu, ukurasa wa kwanza wa tovuti ya wizara, halmashauri au chuo cha umma usiwe na zile picha kubwa zinazojigeuza zenyewe. Mtu kaingia kutafuta fomu ya leseni au tangazo la ajira, anapokelewa na kukata utepe, kikao, kukata utepe tena. Kwenye kompyuta ya ofisini zinapendeza. Kwenye simu yenye bando la kubana ni balaa: picha iliyotolewa kwenye kamera na kupandishwa vilevile inaweza kufika MB 5. Zikiwa tano, piga hesabu. Na alichofuata kiko chini kabisa, PDF ya karatasi iliyoskaniwa kama picha, ambayo programu ya kumsomea asiyeona haiambulii hata neno.

Waingereza walipozindua GOV.UK, tovuti kuu ya serikali yao, mwaka 2012 waliweka maandishi, viungo na kisanduku cha kutafutia. Mwaka 2013 ikachukua tuzo ya ubunifu bora wa mwaka ya Design Museum, London, ikalishinda hata jengo la The Shard.

Fundi wa tovuti:
Mkuu, anayesaini malipo ndiye anayetaka picha, wala si mwananchi. Halafu weka maandishi matupu uone, watu watasema hii ya matapeli.

Mleta mada:
Tapeli anakopi picha zote kwa dakika moja. Asichoweza ni kujisajilia anwani ya .go.tz, hiyo ni ya taasisi za serikali tu. Wananchi wafundishwe kuangalia hapo.

Mdau:
Mnagombania picha wakati dawa yake inajulikana. Bakiza moja, ibane iwe WebP, aina ya faili jepesi la picha, ikatwe kwa upana wa simu, na picha za chini ya ukurasa zipakiwe mtu anaposhuka. Kinachoniudhi mimi ni menyu. Zimepangwa kwa majina ya idara na vitengo, kana kwamba kila mwananchi amekariri muundo wa taasisi. Anayetaka kibali hajui kinatoka kitengo gani, wala hapaswi kujua. Yeye anajua kuomba, kulipa na kufuatilia. Hayo matatu yakae juu, kwa vitufe ambavyo kidole gumba hakikosei. Na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, jamani! Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, unataka tofauti ya rangi isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Wengine mnaweka nusu yake, kisha mtu asome akiwa juani Kariakoo.

Fundi wa tovuti:
La rangi sina ubishi, na kubana picha nitabana. Ila la menyu hujakaa vikao vyake wewe. Kila mkuu wa idara anataka jina la idara yake lionekane juu, na ukilitoa anauliza kama idara imefutwa. Niambieni, hapo fundi anaanzia kwa nani?