Nataka kubadili ulaji, mawese niyapeleke wapi?

Fundi wa Mwanga
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Kutwa nimekaa, kinachofanya mazoezi ni mguu wa kwenye pedali tu. Nimepimwa presha nikaambiwa iko juu, nipunguze chumvi na mafuta, halafu nirudi waangalie kama nitaanzishiwa dawa.

Nimeamua kweli. Soda basi, chipsi mayai za jioni basi, chai naweka sukari kijiko kimoja na mke wangu ananitazama kama mtu aliyefiwa.

Shida ni kwamba nikitafuta mtandaoni nile nini, naletewa shayiri ya pakiti, mafuta ya zeituni na samaki aina ya salmoni. Salmoni! Mimi nasikia upepo wa Ziwa Tanganyika nikiwa kitandani. Kwangu chakula ni ugali wa muhogo, sombe (kisamvu), maharage na dagaa, na vyote vinaogelea kwenye mawese. Mama mkwe kila akitoka Simbo anakuja na dumu. Nikimwambia nimeacha mawese, atauliza kama na binti yake nimemwacha.

Niyaache kabisa au kuna namna?

Mama Ntilie Ujiji
Baba, usimuudhi mama mkwe. Pokea dumu, shukuru, kisha punguza mkono. Sombe la familia nilikuwa namimina kwa upawa, siku hizi vijiko viwili vya chakula, tena mwishoni likishaiva, na karanga za kutwanga kidogo. Wateja walinung'unika, wakazoea. Na muache kuyaunguza mawese mpaka yawe meupe eti mnatoa harufu. Ule wekundu ndio wenye faida, vitamini A inatoka humo.

Muuguzi mstaafu, Kasulu
Dada hapo juu kasema kweli kuhusu rangi, moto mkali unaiharibu. Lakini tusidanganyane: karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, kwa hiyo vijiko viwili vibaki viwili.

Ila mimi ningeanza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu kila kitu: ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, na vile vidonge vya mchuzi ambavyo kina mama wanavitia viwili viwili halafu wanaongeza chumvi juu. Vitoe jikoni kwanza. Weka nyanya, kitunguu, ndimu, pilipili. Dagaa wakiwa wa chumvi, loweka, mwaga maji, rudia.

Na kurudi kupima usiache hata ukijisikia mzima. Presha haiumi. Ukifika, kaa utulie kwanza ndipo upimwe, usipimwe umetoka kupanda kilima.

Boti ya Kibirizi
Hahaha, fundi kaletewa salmoni! Njoo Kibirizi asubuhi boti zikirudi uchukue migebuka, choma, kula na ndimu, mafuta ya nini? Dagaa nunua walioanikwa kwenye chanja. Wa mchangani utatafuna changarawe. Ila usije mbalamwezi imekolea. Taa zetu hazivuti dagaa vizuri mwezi ukiwaka, na bei utalia.

Fundi wa Mwanga
Asanteni. Mama Ntilie, hilo la kupokea dumu nalichukua kama lilivyo. Vidonge vya mchuzi nimekuta pakiti nzima kabatini, mke anasema nisiviguse mpaka aongee na muuguzi mwenyewe. Shikamoo muuguzi, atakuuliza hivi: maharage bila kidonge yanaungwaje yakalika?

Muuguzi mstaafu, Kasulu
Marahaba. Mwambie ayachemshe yaive kabisa, kitunguu kikaangwe polepole mpaka kiwe kahawia, karoti ya kukwaruza, nyanya zipondeke, kisha tui jepesi au hayo mawese kijiko kimoja. Chumvi atie mwisho, aonje kabla ya kuongeza.