Hita ya jua yenye tangi ndani: kwenye simulesheni joto halishuki usiku

Swali: Wakuu, naigiza kwa kompyuta hita ya lita 100, tangi na kioo boksi moja, hali ya hewa ya Dar. Jioni maji nyuzi 55, alfajiri bado 54. Kosa liko wapi?

Jibu: Mkuu, umesahau kioo. Hapa tangi lenyewe ndilo linalopokea jua, kwa hiyo usiku kucha linavujisha joto kupitia kioo. Chukua kioo cha mita za mraba 1.5, kila mita ikipoteza wati 6 kwa kila nyuzi maji yanayoizidi hewa: jumla wati 9 kwa nyuzi. Lita 100 hupoteza kilojuli 419 kushuka nyuzi moja. Hewa ikiwa 27, baada ya saa 12 utapata karibu 38.

Jibu: Naongezea: gawa tangi matabaka angalau matano, maji ya moto hukaa juu. Hatua ya muda kwenye hesabu iwe sekunde 60. Ukiruka saa nzima, tabaka jembamba huyumbisha namba.

Muuliza: Kweli, upotevu niliuweka mchana tu. Ahsanteni.