Tupeane uzoefu: sare ya kupigia muziki kwenye joto letu la Kusini

Tarumbeta_Lindi

Ndugu zangu wa Kusini, salaam. Najua humu wapo wapiga muziki wa kila aina: bendi, taarab, kwaya, ngoma. Leo naomba tuzungumze nguo. Kikundi chetu cha matarumbeta tuko kumi na moja, na mwezi huu tunashona sare mpya kabla fedha za korosho hazijaleta harusi za Novemba na Desemba. Sitaki tukosee tena.

Sare tuliyonayo ni suti nyekundu ya satini. Koti lina bitana, ndani shati jeupe la mikono mirefu, shingoni tai ya kipepeo. Kwenye picha tunapendeza kweli. Desemba iliyopita tulikwenda kumchukua bwana harusi Mtanda, sisi juu ya pikapu ya wazi, saa nane mchana. Msafara ukazunguka mji mara mbili maana wapiga picha walitaka hivyo. Gari linakwenda mwendo wa kinyonga, hata upepo wa kujipoza hakuna. Shaba ya tarumbeta ilikuwa inaunguza midomo. Ikafika mahali nikaona jasho limenikata, nikafurahi, nikadhani mwili umezoea.

Kijana wetu wa ngoma kubwa, aliyefunga mikanda miwili ya ngozi juu ya koti, akakaa chini ghafla, uso umekuwa rangi ya majivu, akatapika. Tulipotaka kumvua koti, bitana ilikuwa imegandana na shati na shati limegandana na singlendi. Tukavua vyote kwa pamoja, kama unavyomenya muhogo uliochemshwa. Tukamlaza chini ya mwembe, tukamwagia maji, tukampepea kwa mfuniko wa ndoo. Akarudi hali yake, Mungu mkubwa.

Jioni mama yake akanipigia simu. Hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, hilo koti lilikuwa la lazima?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo naisikia sauti yake.

Mnavaa nini, na mmejifunza nini? Tusaidiane.

BesiKuchele

Pole sana kaka, na mfikishie kijana pole zangu.

Mimi napiga besi kwenye bendi hapa Mtwara. Ushauri wangu unaanzia miguuni. Usiku mmoja wa Januari tulipiga ukumbi mmoja ambao paa ni bati na feni zote zimekufa. Miguu ikawaka ndani ya viatu vya plastiki, nikavivua nikasimama peku kwenye saruji. Suruali ililowa mpaka jasho likatiririka sakafuni. Nikasogea kwenye maiki kuitikia kiitikio, mdomo ulipogusa tu, nikapigwa shoti nikarudi nyuma hatua tatu na gita mkononi. Kumbe spika ya besi haikuwa na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na mimi nimelowa chumvi mwili mzima nimekanyaga saruji. Umeme ulipata njia safi kabisa.

Tangu siku hiyo sivui viatu hata iweje. Navaa raba nyepesi za kitambaa zenye soli nene ya mpira na soksi za pamba, na soksi za akiba ziko mfukoni. Lakini wadogo zangu msitegemee viatu peke yake. Mwambieni fundi umeme akague ethi kabla hamjawasha.

Halafu taulo dogo la kifundo cha mkono. Jasho likishuka kwenye nyuzi, vidole vinateleza, na nyuzi zinaota kutu kabla ya wakati wake.

Bi_Mikindani

Wanangu, mmesema koti. Njooni muone gauni la taarab. Nguo imejaa shanga na vimetameta kuanzia shingo hadi pindo, chini yake shimizi ya nailoni, kichwani hijabu ya silki inayoteleza na haipitishi hewa. Mimi naimba nusu saa bila kukaa. Miaka mingi nilikuwa nikirudi nyumbani na vipele mgongoni na kiunoni, nikadhani ni ugonjwa.

Dawa yake ilikuwa kanga. Nilitupa shimizi ya nailoni, sasa ndani ya gauni nafunga kipande cha kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imelainika. Inanyonya jasho, haigandi mapajani, na hakuna anayeiona. Kichwani naanza na kofia ya ndani ya pamba, ndipo hijabu inafuata. Tena fundi wangu nilimwambia shanga aziweke kifuani na kwenye mikono tu, mgongoni aache kitambaa kitupu bila bitana. Mwimbaji anatazama watu, mgongo wake wanauona wapiga kinanda.

Na dada zangu, jasho la usoni tusilifute kwa kusugua. Bandika leso, bonyeza, ondoa. Ukisugua, poda na wanja vinahamia kwenye kola ya gauni na haviondoki.

Sauti_ya_Pili_Masasi

Nyie wa pwani mna joto lenu. Sisi Masasi mwezi wa kumi linachoma, lakini ni kavu, jasho linakauka lenyewe na mwili unapoa. Kwaya yetu ilikuja Mtwara mjini na majoho yale yale tunayoimbia nyumbani bila shida. Kipimo kilisoma nyuzi 31 tu, na nyumbani tumezoea zaidi ya hapo. Lakini ile hewa nzito ya kaskazi kabla ya mvua! Jasho linatoka halina pa kwenda, linabaki juu ya ngozi linakupika. Wimbo wa tatu wenzetu wawili wa sauti ya kwanza walitoka nje. Sasa tukija pwani majoho tunayaacha Masasi. Tunavaa mashati meupe ya pamba na skafu ya rangi ya kwaya shingoni, basi.

Mkoroshoni

Mimi ni mtu wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, upande wa Tandahimba. Yapo ambayo siyasemi hapa, na wenyewe mnajua kwa nini.

Nitasema hili. Anayecheza lipiko, yaani kinyago chenyewe, kichwa chote kiko ndani ya mti, shingo imefungwa kitambaa, mikono na miguu imefunikwa, njuga kiunoni. Anaona kupitia mdomo wa lipiko na hewa anayovuta inapitia hapo hapo. Vazi hilo hulipunguzi, ndiyo ngoma yenyewe. Kwa hiyo wazee wetu hawakupunguza nguo, walipanga muda. Lipiko anatoka jua likishalala, anacheza kidogo, anarudi, anatoka mwingine. Kila mmoja ana mtu wake wa kumwangalia anavyokanyaga. Ukiona mguu unachelewa kuufuata mdundo, unampeleka pembeni bila kuuliza.

Hilo la pikapu saa nane mchana, kaka, hata mngevaa hariri ya mbinguni mngeanguka. Ongeeni na wenye harusi kuhusu saa.

Muuguzi_Nachingwea

Nimeshtuka hapo uliposema jasho limekata ukafurahi. Ndugu yangu, hiyo ni hatari. Ukiwa bado juani, mwili unawaka na jasho limekauka, kipoza mwili kimeanza kushindwa. Kizunguzungu, kichwa kugonga, kichefuchefu, misuli kukaza: acheni kupiga muda huo huo. Mtoeni juani, legezeni nguo, mlowesheni mwili kwa maji, mpepeeni, mpeni maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au akipoteza fahamu, msimnyweshe kitu. Endeleeni kumpoza huku mnamkimbiza hospitali.

Anzeni kunywa asubuhi, msingoje kiu. Kwa shughuli ndefu, pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa duka la dawa, kwenye lita moja ya maji inasaidia, na madafu tunayo tele.

Fundi_wa_Sokoni

Nimeshonea vikundi vingi, ngoja niseme ya cherehani.

Muuzaji atakwambia "hii pamba", kumbe siyo. Omba kipande kidogo, chomoa nyuzi mbili tatu, nenda nje uzichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, majivu yake ukiyashika yanakuwa unga. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu. Vitenge vingi vya bei ya chini siku hizi ni hivyo vya kidonge. Pamba nayo chagua nyepesi, maana nzito ikilowa inakuelemea. Ikiwa na poliesta kidogo si mbaya, haikunjamani sana safarini.

Mshono ni muhimu kama kitambaa. Kwapa likatwe pana. Mgongoni kuwe na mkunjo mmoja mkubwa kuanzia mabegani, ili mpulizaji akijaza mapafu nguo isimbane na hewa iingie. Bitana hapana. Kwa mpiga ngoma, weka kitambaa cha pili mabegani tu, pale mikanda inapokaa, vinginevyo itamchubua.

Rangi: juani chukueni nyeupe, maziwa au yoyote iliyopauka, nyeusi na nyekundu iliyoiva zinavuta jua. Usiku haina shida. Ila epukeni kijivu na bluu ya mawingu, hizo zinaonyesha kila tone la jasho kwapani. Nyeupe na kitenge chenye maua mengi vinaficha.

Mzee_wa_Dansi

Vijana, nawasoma vizuri, lakini nina neno. Sisi tulipiga dansi kwa suti, na suti ile ndiyo iliyofanya watu watuone sisi ni watu wa kazi. Kabla yake mwanamuziki alikuwa mhuni machoni pa watu. Nilipokwenda kuposa, baba mkwe alikuwa ameniona jukwaani nimevaa suti na tai, akasema huyu anajiheshimu. Sitaki kusikia siku moja bendi imepanda jukwaani na kaptula na singlendi kwa kisingizio cha joto. Aliyekualika kwenye harusi ya binti yake amevaa vizuri, nawe umvalie.

Nakubali satini ya bitana kwenye pikapu ni mateso. Lakini tulikuwa na kaunda suti, mmeisahau? Mikono mifupi, haina tai, haitaki shati ndani, mifuko minne, na mtu anaingia nayo ofisini au ikulu. Shoneni kaunda suti ya pamba.

BesiKuchele

Shikamoo mzee wangu. Hiyo nimeipokea.

Tarumbeta_Lindi

Shikamooni wakubwa, na asanteni wote. Nimerudi kutoa taarifa.

Tulikaa kikao, tukabishana sana, wawili walitaka satini ibaki. Nikawasomea aliyosema dada muuguzi, wakanyamaza. Tumeshona kaunda suti rangi ya maziwa, pamba nyepesi, mkunjo mgongoni, utepe mwekundu kwenye kola na mifuko ili ile nyekundu yetu isipotee. Kitambaa tulikichoma nje ya duka. Cha kwanza kilitoa kidonge, cha pili majivu. Juu tuna kofia pana za ukindu. Mabega ya mpiga ngoma yamewekwa kitambaa cha pili. Na kwenye makubaliano tumeandika kwamba msafara wa juu ya gari ni baada ya saa kumi jioni, na mwenye shughuli atatoa maji ndoo mbili. Mteja mmoja alikataa akatafuta kikundi kingine. Tulimwacha aende.

Jumamosi ndiyo tulizivaa mara ya kwanza. Tulilowa, ndiyo, hakuna nguo ya kuzuia jasho Lindi mwezi wa kumi na moja. Lakini tulipiga mpaka saa moja usiku na hakuna aliyekaa chini.

Kabla hatujapanda gari, mama wa yule kijana alikuja mwenyewe mpaka pale tulipokusanyika. Hakuniuliza kitu. Alikwenda kwa mwanawe, akaingiza mkono mgongoni kati ya nguo na mwili, akauzungusha kuanzia mabegani hadi kiunoni, akalivuta lile kwapa akachungulia. Kisha akamfungia mkanda wa ngoma kwa mikono yake, akasema, "Haya, pandeni."