F3 Ulaya 2014: bingwa Ocon kaachwa chini, wa tatu kapandishwa. Ilikuwa haki?

Wakuu habari zenu. Juzi kuna mdau alisema ubingwa wa Formula 3 (F3) Ulaya 2014, mashindano ya magari ya madereva chipukizi chini ya Formula 1, ulienda kwa mtu asiye wake, hoja yake ni kwamba Max Verstappen alishinda mbio 10 na Esteban Ocon 9, kwa hiyo wakubwa wa langalanga (Formula 1) walipomchukua Verstappen walikuwa wanamchukua bingwa halisi. Mi nalipinga hilo kabisa.

Mbio zilikuwa 33 msimu ule. Bodi ya gari ni Dallara ile ile kwa wote, kwenye injini ndo kulikuwa na tofauti, Ocon wa timu ya Prema alikuwa na Mercedes na Verstappen wa timu ya Van Amersfoort alikuwa na Volkswagen. Ukishinda unapata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15. Mwisho wa hesabu Ocon 478, Tom Blomqvist 420, Verstappen 411. Muangalieni Blomqvist, kashinda mbio 6 tu na bado kamaliza juu ya mtu mwenye 10. Siku ambayo gari haiendi unavyotaka we unafanyaje, unaokota pointi 12 zako za nafasi ya nne unarudi gereji, au unalazimisha unaishia nje ya njia? Ubingwa unapatikana kwenye siku hizo.

Sikatai kipaji cha dogo Verstappen. Ana miaka 16, mwaka mmoja nyuma bado yuko kwenye vigari vya go-kart, halafu anashinda mbio 6 mfululizo, tatu Spa kule Ubelgiji na tatu Norisring. Norisring ni barabara za mji wa Nuremberg, mzunguko mmoja haufiki hata kilomita 2 na nusu, kona ni za kuhesabu na ukuta uko hapo hapo, unatoka spidi kali unakanyaga breki mpaka gari inatikisika, ukichelewa kidogo tu umemaliza. Yeye alishinda zote tatu. Hapo namvulia kofia.

Ila jamani angalieni tarehe. Toro Rosso, timu ya Formula 1, walimtangaza Verstappen Agosti 2014, msimu haujaisha! Ocon kaja kuufunga ubingwa Oktoba kule Imola, yaani nafasi ya juu imeshatolewa kabla bingwa hajajulikana. Na huyu Ocon ni mtoto wa fundi gari, wazazi wake waliuza nyumba na gereji wakawa wanaishi kwenye karavani, wanazunguka nayo kwenye mashindano ili mtoto aendeshe. Familia imelala njiani miaka yote hiyo, mtoto kachukua kombe, anaambiwa subiri.

Akasubiri kweli. 2015 akaenda GP3, daraja jingine la chini ya Formula 1, akabeba ubingwa kwa kushinda mbio 1 tu, nyingine akawa anamaliza wa pili wa pili wa pili, nidhamu ile ile. Langalanga aliingia Agosti 2016 pale Spa na Manor, timu ya mkiani, wakati Verstappen ameshashinda Barcelona tangu Mei.

FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani, wao walichofanya ni kuweka umri, kuanzia 2016 lazima uwe na miaka 18, na 2024 wakalegeza tena, mwenye 17 anaweza kuruhusiwa. Mi naona walitibu kidonda kisichouma. Verstappen kwenye umri ule hakuua mtu wala hakuwa mzigo kwa timu. Kinachouma ni kwamba ngazi haina mlango juu. Nyck de Vries kachukua ubingwa wa F2 (Formula 2, daraja la mwisho kabla ya Formula 1) 2019, mbio yake ya kwanza ya Formula 1 ni 2022. Felipe Drugovich bingwa 2022, Théo Pourchaire bingwa 2023, hawajapewa gari msimu uliofuata. Na sheria ya F2 inamkataza bingwa kurudi kushindana tena, kwa hiyo ukishinda unafukuzwa chini na juu hupokelewi!!

Pendekezo langu, bingwa wa F2 ahakikishiwe angalau mbio kadhaa ndani ya mwaka unaofuata, timu zipokezane mzigo, gharama ichangwe na wote. Wanaosema timu ni mali ya mtu na ana haki ya kuchagua dereva wake, sawa, ila mnieleze huyo bingwa aliyekatazwa kurudi F2 mnataka aende wapi?