Mapigo ya moyo kwenda ovyo baada ya kubadilishiwa valvu ya mitrali

Kitindamimba
Habari zenu ndugu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 46, alibadilishiwa valvu ya mitrali (ya upande wa kushoto wa moyo) mwezi uliopita na kuwekewa ya chuma, baada ya kuugua kwa miaka mingi kutokana na athari za homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Siku ya tatu baada ya upasuaji, akiwa bado wodini, moyo ulianza kwenda mbio bila mpangilio. Alitundikiwa dripu ya amiodaroni, dawa ya kurekebisha mpigo, na ukatulia. Aliruhusiwa akiwa na warfarini (ya kuzuia damu kuganda), bisoprololi (ya kupunguza mwendo wa moyo), furosemidi (ya kutoa maji mwilini) na vidonge vya amiodaroni. Tangu Jumapili analalamika kuwa moyo unaruka, hasa akilalia ubavu wa kushoto, na nikimshika kifundo cha mkono nasikia mapigo mawili ya haraka, kimya, kisha matatu. Mashine ya presha huonyesha mapigo 78, na dakika chache baadaye 121. Hana homa wala kifua hakimbani. Je, ni kawaida, au valvu ina hitilafu? Isitoshe, fizi zinavuja damu kidogo akipiga mswaki, na jirani anamshauri aache warfarini hadi siku ya kliniki, wiki mbili zijazo.

Nesi wa Zamu
Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Nianze na lililo la haraka: asiache warfarini kwa ushauri wa jirani, na wala asingoje wiki mbili. Mpeleke kesho asubuhi akapimwe INR (kipimo cha damu cha nguvu ya warfarini; ikiwa juu, damu huvuja kwa urahisi) na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), ikiwezekana wakati ule ule moyo unaporuka, kwa sababu ECG iliyopigwa moyo ukiwa umetulia haitaonyesha tatizo.

Mpigo usio na mpangilio baada ya upasuaji wa valvu huwapata wagonjwa wengi, takriban theluthi moja hadi nusu, na mara nyingi huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Chumba cha juu cha kushoto cha moyo, ambacho kwa mgonjwa wa baridi yabisi kimekuwa kikitanuka na kupata makovu kwa miaka, hupata pia jeraha la upasuaji na uvimbe wake. Potasiamu ikishuka, jambo ambalo furosemidi huweza kulisababisha, umeme wa moyo huvurugika zaidi. Kwa hiyo mwombe daktari apime na potasiamu. Kwa wengi hali hii hutulia ndani ya wiki kadhaa, ingawa aliyetanuka moyo sana anaweza kubaki nayo.

Kuhusu fizi, mimi naishuku amiodaroni. Huongeza nguvu ya warfarini taratibu, kwa wiki kadhaa, hivyo dozi iliyomfaa wodini inaweza kuwa kubwa mno sasa. Kwa valvu ya chuma ya mitrali, INR hulengwa kati ya 2.5 na 3.5. Mashine ya presha usiitegemee mpigo ukiwa hivyo. Hesabu mwenyewe dakika nzima.

Chuma Kifuani
Nakubaliana na Nesi, ila niongeze upande ambao watu huusahau: moyo kwenda polepole mno. Njia ya umeme wa moyo hupita jirani kabisa na valvu hiyo, na kwangu mimi iliguswa wakati wa upasuaji, hata nikaishia kuwekewa betri ya moyo. Bisoprololi na amiodaroni zote mbili hupunguza mwendo. Mama akianza kuona kizunguzungu, au mapigo yakishuka chini ya 50, hilo ni la usiku huo huo. Vivyo hivyo mlio wa valvu ukififia, akashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea.

Pwani Moja
Shemeji yangu ana mpigo kama huo na anatumia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hapimwi damu kila mara. Kwa nini mama asibadilishiwe?

Nesi wa Zamu
Shemeji yako bila shaka hana valvu ya chuma. Dawa za kundi hilo haziruhusiwi kwa wenye valvu hizo. Jaribio la dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo, kwa wenye valvu za chuma lilisitishwa mwaka 2012 baada ya waliopewa dawa hiyo kuganda damu na kuvuja damu zaidi ya waliotumia warfarini.

Kitindamimba
Asanteni sana. ECG imethibitisha mpigo usio na mpangilio, potasiamu ilikuwa chini, na INR ilikuwa 5.1. Daktari amesimamisha warfarini kwa siku mbili, kisha ataanza na dozi ndogo na kipimo kitarudiwa. Eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) imeonyesha valvu inafunguka vizuri. INR ikikaa sawa kwa wiki tatu mfululizo na mpigo ukawa bado haujarudi kwenye mpangilio wake, ndipo atafikiria kuustua moyo kwa umeme. Je, mchicha na kisamvu aache, maana nasikia mboga za majani hupunguza nguvu ya warfarini?

Nesi wa Zamu
Asiache, ale kiasi kile kile kila wiki. Tatizo ni kula mfululizo wiki moja na kuacha kabisa inayofuata. Anachopaswa kukiogopa zaidi ni diklofenaki (ya maumivu) na Septrin (antibiotiki) za duka la dawa, kwani pamoja na warfarini huongeza hatari ya kuvuja damu, na kila anapoongezewa au kupunguziwa amiodaroni, INR ipimwe mapema.