Kofia ya Zamu

*Kikundi: Nyumba ya Majengo*

Mama Rayyan: Assalaam alaykum jamaa. Ile kambi ya mahema ya Tiwi tuliyolala Disemba, wamefungua mahali papya pa watoto kuchezea maji, ubavuni mwa bwawa. Natuma picha.

*[Picha 4]*

Mama Rayyan: Hapana kina kabisa. Maji yaruka kutoka sakafuni, kuna uyoga wa chuma unamwaga pande zote, na juu ya mlingoti kuna ndoo kubwa. Ikijaa yapinduka yenyewe, pwaa!

Ami Saidi: Hiyo ndoo ni ya watoto peke yao?

Shangazi Rukia: Saidi una miaka 52

Ami Saidi: Sikuuliza umri, nimeuliza ndoo

Khalid: 😂😂

Bibi: *[Sauti, 1:04]*

Fatma: Kwa walio kazini, Bibi asema hivi: mwavuka feri, mwalipa kiingilio, mkanyunyiziwe maji! Hapa wiki ya pili mfereji wakohoa tu, nanunua mitungi ya mkokoteni. Na bahari iko pale pale Tiwi, haina lango wala tikiti.

Fatma: Mwisho wa sauti kuna dua, hiyo sikuandika

Mama Rayyan: Bibi hii ni kusi. Ufukwe umejaa mwani, na wimbi la Agosti halimjui Salma kuwa ana miaka 3. Watoto wako nyumbani likizo nzima, wamenimaliza.

Ami Saidi: Kiingilio?

Mama Rayyan: Mtoto 300. Mkubwa asiyeogelea 200.

Ami Saidi: Na mkubwa anayesimama chini ya ndoo?

Shangazi Rukia: Khalid mwanangu, wewe ndiye fundi wa mabwawa. Maji hayo yakisharuka yaenda wapi?

Khalid: Kwa kawaida hayamwagwi shangazi. Yaingia kwenye tangi chini ya sakafu, yachujwa, yatiwa klorini, pampu yayarudisha juu. Ni yale yale yanazunguka.

Shangazi Rukia: YALE YALE

Shangazi Rukia: Mwaka jana nilimpeleka Idi bwawa moja, sitalitaja. Wiki ilipopita akaanza kuhara, siku nane. Mimi muuguzi, nimekaa na mwanangu mwenyewe nampigia hesabu ya vijiko vya maji ya chumvi na sukari. Kuna kijidudu, kriptosporidia, chaweza kuishi zaidi ya siku 7 ndani ya maji yenye klorini ya kutosha. Mtoto mmoja mwenye tumbo akikaa juu ya tundu la maji na nepi yake, wenziwe wanakuja kukinga mdomo pale pale.

Mama Rayyan: Shangazi nilikuwa nakula

Khalid: Ni kweli lakini. Tena vinyunyizi vyatesa klorini kuliko bwawa. Maji yarushwa hewani, jua layapiga, dawa yaisha upesi. Kwa hiyo wapime mara nyingi kwa siku, isiwe asubuhi tu halafu basi. Klorini iwe kama miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, kile kipimo cha asidi ya maji, 7.2 mpaka 7.8. Nikifika naomba daftari la vipimo kwanza. Na vijiti vyangu vya kupimia nabeba.

Fatma: Pakinuka klorini tutajua pasafi

Khalid: Hapana! Harufu ile kali ni klorini iliyokwisha kutana na mkojo na jasho

Ami Saidi: Astaghfirullah. Miaka yote hii navuta pumzi nasema "maashallah, hapa wanasafisha"

Shangazi Rukia: Sheria yangu ni hii. Aliyehara wiki hizi haingii majini, hata akilia mpaka Ukunda wamsikie. Wote waoge kwanza na sabuni. Nepi zikabadilishwe chooni, si kwenye viti vya bwawa, Mama Rayyan nakutazama wewe.

Mama Rayyan: Ilikuwa mara moja!!

Mama Rayyan: Raha yangu mimi ni kuwa hapana kina. Tutajilaza chini ya mnazi tuwaache wacheze.

Fatma: Hebu fungua picha ya tatu tena. Kati ya vinyunyizi na bwawa kubwa pana uzio?

Mama Rayyan: Pana vyungu vya maua

Fatma: Salma apita katikati ya vyungu

Shangazi Rukia: Na mtoto akizama hapigi kelele kama kwenye filamu. Anyamaza tu. WHO walikadiria watu 300,000 duniani waliokufa maji mwaka 2021, karibu robo yao hawajafika miaka 5. Mnazi baadaye.

Mama Rayyan: Haya nimesikia. Zamu basi?

Fatma: Nusu saa nusu saa. Mwenye zamu avae ile kofia ya ukindu ya Babu, tumjue. Akiwa na kofia hashiki simu, hali, hapigi soga. Akitaka kwenda msalani amvike mwingine kichwani kwanza.

Khalid: Naanza mimi, nikishapima maji

Ami Saidi: Mimi zamu yangu niwekeni karibu na ndoo

Mama Rayyan: Jumapili saa moja asubuhi basi. Twapita feri au barabara ya Dongo Kundu?

Khalid: Dongo Kundu. Jumapili feri utakula mahamri yote foleni.

Shangazi Rukia: Mahamri na mbaazi ni mimi. Viazi karai Fatma. Saidi leta barafu, na uilete kweli.

Ami Saidi: Nilileta siku ya sikukuu ya Idi!

Shangazi Rukia: Uliileta maji

Bibi: *[Sauti, 0:19]*

Fatma: Bibi yuwaja. Ataka kiti chenye mgongo, hakai chini. Na asema kofia ni ya marehemu, isilowe, Saidi asipewe.