Naomba ushauri: siku tatu Franschhoek na mke wangu, tukodi gari au tusikodi?

Habari zenu wakuu. Kwa waliowahi kufika Franschhoek, mji wa mashamba ya mvinyo Afrika Kusini, naombeni mwongozo.

Tunatua Cape Town na tutalala Franschhoek usiku tatu. Mji ni mdogo, unatembeleka kwa miguu ukipanga karibu na barabara kuu, lakini mashamba mengi ya mizabibu yako nje kidogo. Hapo ndipo nimekwama. Sheria ya kule inaruhusu kilevi chini ya gramu 0.05 tu kwa mililita 100 za damu, na kuonja kwenye shamba moja huwa ni aina nne au tano za mvinyo. Mashamba mawili tu, dereva kashaharibu. Sitaki mmoja wetu akae anatazama mwenzake akinywa.

Nimeangalia Wine Tram, usafiri wa watalii unaopita mashamba ya mvinyo: unachagua njia, unashuka na kupanda siku nzima, ila kuonja na chakula unalipia mwenyewe kila shamba. Teksi za mtandaoni kutoka uwanja wa ndege zinapatikana. Wasiwasi wangu ni kurudi, hasa ndege ikiwa ya alfajiri.

Maswali yangu:

Je, siku moja ya Wine Tram na nyingine ya kutembea mjini zinatosha bila gari, au tutajuta kukosa barabara ya mlimani ya Franschhoek Pass?

Na twende Februari, mavuno yakiwa yamepamba moto na jua kali, au Aprili kukiwa kumepoa?